Mzigo wa Mlango wa Nyuma

Kwanza ilikuwa harufu tu: kamba iliyolowa jasho, saa ya adhuhuri, katika nyumba isiyokuwa na kamba.

Nyumba yenyewe inajulikana mjini Kasongo. Kuta zake za udongo ni nene, mlango wa mbele umechongwa maua. Wageni wanaokuja kuona makaburi ya zamani na njia ya misafara ya Nyangwe hupitishwa hapo pia, na Lukumani ndiye huwaeleza, kwa sababu ni nyumba ya babu wa mke wake, Djamila. Mlango wa nyuma, ambako zamani watumwa walitolewa na pembe za tembo kichwani, wazee waliuziba kwa matofali. Lukumani akauzibua ili wageni wapige foto. Djamila alimwomba auache. Alijibiwa kwamba mlango hauna meno.

Juma lile lile Djamila alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, aliposikia mtu anahema kule nyuma.

"Mama, nitue."

Kwetu mtu akifika na mzigo humwulizi jina. Unamsaidia kuushusha, salamu itakuja nyuma. Djamila akafuta mikono, akaenda, akainyoosha juu kuupokea.

Hapakuwa na mtu. Mzigo ulikuwepo.

Tangu hapo shingo yake ikazama mabegani, akawa hawezi kusujudu bila kuanguka, kitenge chake kikanuka ile kamba hata kikifuliwa, na kila alasiri nyayo za watu wengi wasioongea zilivuka uani kuelekea mlango ule, zikasimama, zikahema, kama msafara uliochoka unaomngojea mmoja wao aingie mstarini, na Djamila alijua anayengojewa ni yeye.

Mwalimu Iliasi wa msikitini alisoma dua, akampulizia maji, akatikisa kichwa. Aliwaeleza mke na mume kwa sauti ndogo kwamba huyu ni jini aliyezoea kukaa juu ya mizigo ya wale watumwa, na wao walipokufa akabaki bila shingo. Hafukuziki. Atahamia tu kwa mtu atakayenyoosha mikono kwa hiari yake.

Basi Djamila akaacha kusema kabisa, akiogopa neno lile, "nitue," lisimponyoke mbele ya binti yao, Amisa, mtoto wa adabu sana. Lakini mtoto ana macho. Alasiri moja nyayo zilipokuwa zimesimama uani, Amisa alikuja mbele ya mama yake, akainua mikono.

"Mama, nikutue?"

Lukumani akamsogeza mtoto pembeni, akainua ya kwake.

"Leta kwangu. Ni mimi niliubomoa ule mlango."

"Wewe uko na mugongo mubaya," mke wake akanong'ona.

"Leta tu."

Mlango umezibwa tena. Djamila anatembea wima, anatwanga. Lukumani bado anapitisha wageni, polepole, shingo imezama, na wageni wanadhani ni uzee. Ni mtu mwema. Anaswali akiwa amekaa, na kosa lake amelikiri mbele ya watu msikitini. Ila amechoka, na mtu aliyechoka hivyo hachungi tena ulimi wake. Ukienda kuiona nyumba ile, naye akakugeukia penye matofali mapya akasema "nitue," nakuomba, mikono yako ibaki chini. Mwambie, "Mungu akutue," halafu utoke kwa mlango wa mbele.