Msaidizi Aliyedokezewa Jibu

Kila asubuhi Meeli alimpitia Uku, mtoto wa jirani, wakavuka pamoja daraja la mto Emajõgi kwenda shule. Uku alikuwa darasa la kwanza. Familia yake ndiyo kwanza imehamia mji huo wa Tartu, nchini Estonia, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Dada Meeli, leo kuna keki?"

"Leo supu ya kabichi. Keki kesho. Hebu funga zipu ya koti, usije ukapata mafua bure."

Jioni hiyo klabu ya kompyuta ilikuwa na kazi kubwa. Shule ilikuwa na kanzidata ya majina ya wanafunzi na vyakula vinavyowadhuru. Klabu ilikuwa imetengeneza zana ya kuipekua, ili msaidizi wa akili mnemba aitumie kumjibu mpishi. Maelekezo ambayo msaidizi huyasoma kabla ya kuitumia zana aliyaandika Meeli, naye aliyaonea fahari kwelikweli.

"Leo tunapima maelekezo," alisema Mwalimu Reet. "Ulizeni kama atakavyouliza shangazi Helve kule jikoni. Msiongeze hata neno. Kisichoandikwa kwenye maelekezo, msaidizi hakijui."

Joosep, aliyekaa kando ya Meeli, alicheka. "Yakifeli, usitulilie hapa!"

"Nenda zako huko!"

Meeli akauliza, "Nani hawezi kula karanga?" Msaidizi akataja wanafunzi wachache, akaongeza kwamba wengine wote ni salama. Meeli akaguna. Baadhi ya wanafunzi wageni nafasi zao kwenye kanzidata zilikuwa wazi, kwa kuwa wazazi wao hawajajibu. Nafasi wazi maana yake hatujui, si kwamba mtoto yuko salama! Yeye alilijua hilo fika, ila hakuliandika.

Joosep alikuwa ameanza kunyoosha shingo kuchungulia jibu. Haraka haraka Meeli akauliza upya, "Nani hawezi kula karanga? Kumbuka, nafasi iliyo wazi maana yake hatujui." Safari hii jibu likatoka zuri. Akayapa maelekezo yake alama zote. Nimemkumbusha tu, alijisemea, kuna ubaya gani?

Kesho yake, kwenye foleni ya chakula, Uku alikuwa mbele yake na sinia mkononi.

"Shangazi, hiyo keki ina nini juu?"

"Karanga, mwanangu," alisema shangazi Helve. "Usiwe na wasi. Nimemuuliza msaidizi wenu, kasema wasioweza kuzila ni wachache, na wewe si mmoja wao."

Meeli akashtuka. Nafasi ya Uku ilikuwa wazi! Akisema, shule nzima itajua alichofanya. Uku tayari alikuwa ameinyakua keki, anaipeleka mdomoni.

"Uku, iweke chini!" alipiga kelele. "Shangazi, usiwagawie wageni! Jana nilidanganya kwenye kupima!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Shangazi Helve aliichukua ile keki, akampigia simu mama yake Uku. Alipokata simu, uso ulikuwa umemparara.

"Karanga zinamvimbisha koo," alisema. "Mwaka jana alilazwa." Kisha akamkatia Uku mkate mweusi na kuupaka jamu.

Huku akilia, Meeli alimwendea Mwalimu Reet. "Msaidizi alikosea, nikaona aibu, nikamdokezea jibu."

"Haya, futa machozi twende tukarekebishe."

Meeli aliongeza kwenye maelekezo sentensi iliyokosekana. Kisha, kabla taarifa mpya za Uku hazijaingizwa, akauliza kwa maneno ya mpishi, bila kuongeza chochote. Msaidizi akawataja wale wachache, halafu akaandika: "Uku na wageni wengine hatuna taarifa zao. Waulizeni wazazi kwanza, wasipewe karanga."

"Na zile alama za jana?" aliuliza Mwalimu Reet.

"Zifute, Mwalimu. Hazikuwa zangu."

Mwalimu Reet akazifuta. "Tunapima ili tuione kasoro kabla haijamuumiza mtu," alisema. "Ukidanganya kwenye kipimo, kasoro haiondoki, inabaki pale inamngoja mwenzako. Jana ungesema ukweli, ungepata aibu kidogo mbele ya Joosep. Leo umeusema mbele ya shule nzima, na nimefurahi kwamba umeusema. Sasa nenda, kuna mtu anakusubiri mlangoni."

Alikuwa Uku, jamu imemjaa mashavuni, zipu ya koti iko wazi.

"Dada Meeli, kesho kuna keki gani?"