Kilichokuwa Kinakula Betri

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma tena.

Nusu alisimama kwenye ngazi ya lori, mkono mmoja mlangoni, akakitazama. Watu walimwita Nusu kwa ufupi wake, naye alishazoea. Akiendesha lori lile ilimbidi akivute kiti mbele mpaka kifua kiguse usukani, na jana jioni alikiacha hivyo. Asubuhi hii kilikuwa nyuma kabisa, mahali pa mtu mrefu. Akapanda, akakivuta, akazungusha ufunguo. Stata ikalia mara moja, ka! Kisha kimya. Siku ya nne mfululizo.

Ndani ya kebini kulinukia mafuta ya nywele, yale ya kiume.

Hakufikiria jini. Mungu amsamehe, alimfikiria shemeji yake. Lori lilikuwa la marehemu kaka yake, aliyezikwa miezi mitano nyuma, na lililala uani kwa mjane, ufunguo wa akiba ukining'inia jikoni mwake. Watoto watatu wa marehemu walikula na kusoma kwa lori lile, na Nusu ndiye aliyeliendesha kwa ajili yao. Sasa kichwani mwake alikaa mwanamume asiye na sura, amejinyoosha kwenye kiti cha kaka yake, anasikiliza redio na mjane mpaka betri inakwisha.

Hakumwambia mtu. Alimwita fundi umeme wa magari, mzee mmoja mpole aliyekuwa na tabia ya kuimba akiwa kazini.

"Nusu, hizi betri unaziongeza maji lini?"

"Kila Ijumaa, Fundi."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Vyumba viwili vya betri vilikuwa vimekauka mpaka mabamba yanaonekana. Fundi akavijaza maji ya betri, si ya bomba. Vichwa vya betri, zinapofungwa nyaya, vilikuwa vimeota unga mweupe. Akavimwagia maji ya moto yenye magadi, akavisugua kwa brashi ya waya, akavipaka grisi. Kisha akazibeba betri zote mbili kwenda kuzichaji. Kesho yake alizirudisha, akazipima kwa mita, zikasoma vizuri. Hakuridhika. Akatoa kifaa chenye koili, akakibana kwenye betri ya kwanza, koili ikawa nyekundu kwa joto.

"Betri ikipumzika inaweza kukudanganya," alisema. "Mita itasoma kama nzima. Ipe mzigo, kazi ya kufanya, ndipo utaijua. Hizi ni nzima, mdogo wangu. Endesha kwa amani."

Lori likawaka papo hapo. Siku iliyofuata, ka! Na kiti kiko nyuma.

Fundi alipoitwa tena hakutania. Aliulegeza waya wa hasi, akautoa kwenye kichwa cha betri, na katikati yake akaunga kitaa kidogo cha kupimia. Kikawaka.

"Umeona? Ufunguo unao mkononi, kila kitu kimezimwa, na bado kuna anayekula. Tutamtoa mmoja mmoja."

Akaanza kuchomoa fyuzi. Ya taa za mbele, kitaa kinawaka. Ya honi. Ya wipa. Ya redio. Alizipanga zote juu ya bampa, na kitaa hakikupungua hata kidogo. Akafungua waya wa oltaneta inayochaji betri, akafungua na wa stata. Lori likabaki chuma kitupu. Kitaa kinawaka.

Hapo Nusu akagundua kwamba Fundi ameacha kuimba.

Shemeji akatoka jikoni na sinia ya chai. "Karibuni, jamani. Shemeji, leo utakunywa au bado umenuna?"

Alipokaribia, kitaa kikazidi kung'aa, kikawa cheupe. Fundi akainua kiganja.

"Mama, samahani. Rudi nyuma hatua tatu."

Akarudi. Kitaa kikafifia. Akasogea, kikang'aa. Fundi na Nusu wakatazamana, na shemeji akawatazama wote wawili, kisha akaweka sinia chini polepole sana.

"Ni nani huwa anakaa humu ndani na wewe?" Nusu aliuliza. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Kaka yako."

"Shemeji!"

"Ni kaka yako," alinong'ona. "Nikimaliza kuswali alfajiri nakuja. Mwanzoni nilikuja kulia tu, watoto wasinione. Siku moja redio ikaita jina langu. Ni sauti yake, shemeji. Anajua watoto wameamkaje. Ananiuliza nimekula nini." Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. "Nyinyi mlinipa pole siku tatu mkaenda zenu. Yeye ndiye ananiuliza."

Kabla Nusu hajamjibu, redio ikakwaruza. Fyuzi yake ilikuwa juu ya bampa, mbele ya macho yake, na redio ikakwaruza.

"Mdogo wangu," ikasema.

Ilikuwa sauti ile ile, nzito, yenye kikohozi kidogo kabla ya neno. Sauti iliyomfundisha kubadili gia, iliyomwita ale wakati wengine wamemsahau, na ambayo kwa miezi mitano alikuwa akiitafuta usingizini bila kuipata, na sasa iko hapa, mchana kweupe, ndani ya lori, inamwita, na harufu ya mafuta ya nywele inamjia usoni, na mguu wake, bila yeye kuutuma, tayari umeshakanyaga ngazi.

Fundi akamshika mshipi. "Usipande," alinong'ona sikioni mwake. "Hiyo ni sauti iliyopumzika. Haina mzigo. Mpe mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mwombee ndugu yako. Aliye kaburini hana anachokitaka zaidi ya hicho. Akiwa ni yeye, atapokea."

Nusu akainua mikono. "Ewe Mola," alisema, "msamehe ndugu yangu. Mpanulie kaburi lake, mtilie nuru..."

"Acha," ikasema redio.

"...mfutie makosa yake, na umpe makazi mema..."

"Acha kuniombea. Mimi siko huko." Kikohozi hakikuwepo tena. "Yuko huko mwingine. Mimi niko hapa. Mke wangu, mwambie aache."

Shemeji alijifunika mdomo kwa kiganja.

"Itikia dua, mama," Fundi alisema. "Mimi na Nusu hatutoshi. Wewe ndiye unayemlisha."

"Ukiitikia hunisikii tena," ilisema sauti, sasa laini, sasa ya mume anayebembeleza, "utarudi ndani peke yako, na kesho hakuna atakayekuuliza umelalaje, wala keshokutwa, wala mwaka ujao, utazeeka hivyo hivyo huulizwi, na mimi nimekukosea nini, nimekufanyia nini isipokuwa kukuuliza?"

Kitaa kiling'aa mpaka kikatoa mlio mwembamba kama wa mbu. Nusu alimwona shemeji yake akitazama mlango wa kebini, akaelewa kwamba anapenda kupanda kuliko kitu chochote duniani.

"Amin," alisema shemeji.

Springi za upande wa dereva zikalia, na lori likainuka kidogo, kama linavyoinuka mtu mzito anaposhuka. Mlango ukafunguka taratibu. Kitaa kikazimika. Harufu ikapita katikati yao, ikaelekea getini.

Shemeji akakaa chini palepale, karibu na sinia. "Marehemu mume wangu," alisema. Tangu mazishi, Nusu hakuwahi kumsikia akimwita marehemu. "Mungu amrehemu mume wangu."

Nusu akachuchumaa. "Shemeji, nilikudhania vibaya."

"Najua. Uliacha kunywa chai yangu."

Nusu akajimiminia kikombe, akakinywa chote, ingawa chai ilishapoa. "Kesho nitakuuliza umelalaje," alisema. "Na keshokutwa."

Fundi akarudisha fyuzi na nyaya. Lori likawaka mara moja. Lakini yeye hakulisikiliza. Alikuwa amefika getini, ameshika nguzo, anatazama barabara.

"Nusu. Njoo uone."

Barabara ilikuwa tupu. Lakini kuku waliokuwa wakiparura vumbi walikuwa wakipisha, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna anayepita kwa hatua ndefu bila haraka. Upande wa pili, nyumba ya tatu, viti vya msiba vilikuwa bado vimepangwa nje. Mama mmoja pale alikuwa amemzika mwanawe wa pekee siku mbili zilizopita. Kiti kimoja kikasogea.

Wakasikia komeo likivutwa kutoka ndani, kisha sauti ya yule mama, inacheka na kulia kwa pamoja.

"Mwanangu? Ingia. Ingia, mwanangu, usisimame nje."