Barua ya Kwenye Kanda

Jumamosi moja ya mwaka 2003, watu wakisukumana karibu na stendi ya Kitale, Jerop aliwapita wote kwa viwiko mpaka kwenye kibanda cha kukodisha kanda za video. Alivaa sketi ya manjano aliyoitoa kwenye marobota yake ya mitumba kabla wateja hawajaiona. Kanda aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Hii sinema yenu haina mwisho," alisema. "Msichana anapewa barua, anaifungua, analia, halafu ghafla naona kwaya ya kanisa. Kwaya!"

Mhudumu wa kibanda, Sifuna, kijana wa Tongaren aliyevaa shati la maua, alikuna kichwa. "Pole, dadangu. Kuna mtu alilekodi halusi juu yake."

"Ati nini?"

"Halusi. Watu wawili wakioana."

Jerop alitaka kubaki na hasira, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. "Na hiyo barua ilikuwa inasema nini?"

"Kuja banda la video saa nane. Nitakuambia."

Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mchana. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwatafsiria watu sinema za zamani za Kihindi na Kichina. Kihindi hakujua hata neno moja. Kanda zenyewe zilikuwa nakala ya nakala ya nakala: nyuso nyeupe kama unga, mistari ikipanda na kushuka, rangi ya kijani mahali pa nyekundu. Barua ile ilipotokea, herufi zake zilining'inia kama nguo kwenye kamba.

"Anasema, mpenzi, nimepata kazi, kuja!" Sifuna alinguruma, na banda zima likapiga makofi.

Walipotoka, Jerop alimngoja mlangoni. "Wewe ni mwongo. Mtu akiitwa na mpenzi wake halii hivyo. Barua inasema jamaa ameoa mwingine."

"Ni machozi ya fulaha, Jelop. Wewe hujawahi kulia kwa fulaha?"

"Bado."

"Basi mimi nitakuriza."

Maskini, alimliza kweli.

Mwaka mzima walikuwa chanda na pete. Jioni walifunga kibanda, wakapunguza sauti ya televisheni, wakajisemea wenyewe: yeye wanaume, Jerop wanawake. Watu wa kwenye kioo walifanya wanavyotaka, na hao wawili wakawawekea maneno mdomoni. Waliamini hakuna kitu duniani wasichoweza kukielewa wakiwa pamoja.

Mwezi wa saba mwaka uliofuata, habari ilitoka Endebess. Kimaiyo, mwenye mashine ya posho ya kusaga mahindi, alikuwa amepeleka wazee kwa babake Jerop kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari. Jerop alimwomba babake asubiri mpaka mwisho wa Agosti.

"Baba si mtu mbaya," alimwambia Sifuna. "Lakini utaenda kumwambia nini na kibanda si chako, kitanda si chako? Mama yako naye anakutafutia yule Nabwile wa kwaya."

"Nabwile ni wa mama. Mimi ni wako." Sifuna alimshika mikono. "Naenda Bungoma kutafuta pa kufungua banda langu. Nikipata tu, napigia Renah simu siku hiyo hiyo. Unakuja, tunaenda kwa mzee pamoja. Usimpe mtu jibu kabla ya hiyo simu. Niapie."

"Naapa. Nenda, kabla sijabadilisha akili."

Lenah alikuwa rafiki wa Jerop tangu shule ya msingi, na alikuwa na kibanda cha simu sokoni. Ikiwa imebaki wiki moja Agosti iishe, simu ililia. Laini ilikwaruza vibaya, lakini Sifuna alikuwa anacheka.

"Renah! Mwambie Jelop nimesharipa mahari huku Bungoma! Asingoje tena! A—"

Simu ikakatika.

Lenah alichukua kalamu. Alikuwa msichana aliyefundishwa vizuri, na makosa ya watu wa Bungoma aliyajua. Neno "nimesharipa" halipo, akalisahihisha. "Mahari" lipo, akaliacha. Karatasi aliyoikunja ilisema hivi: Sifuna amesema, nimeshalipa mahari huku Bungoma. Usingoje tena.

Mimi simlaumu Lenah. Alirekebisha herufi moja na kuiacha nyingine, kama ambavyo wengi wetu tungefanya, kisha akalia kwanza mwenyewe kabla ya kuipeleka.

Jerop aliisoma amesimama katikati ya marobota, mteja akijaribu kiatu mbele yake.

"Alisema mahari?"

"Mahari. Nilisikia na hii masikio yangu."

"Sauti yake ilikuwa aje?"

Lenah aliangalia chini. "Alikuwa anacheka."

Hapo Jerop alilia. Mteja aliweka kiatu chini polepole, akaondoka.

"Si umtafute umuulize?" Lenah alisema.

"Nimuulize nini? Ng'ombe wangapi?"

Jumapili hiyo alikwenda Endebess, akamwambia babake amekubali. Hata sketi ya manjano aliiacha kwa Lenah auze.

Huko Bungoma, Sifuna alipaka chumba chake rangi, akanunua mabenchi sita na kitanda kimoja. Alingoja. Alipiga simu mara mbili, na kibanda cha Lenah kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya matanga. Katikati ya Septemba alifika Kitale mwenyewe, amevaa suti ya kwenda kwa mkwe.

"Jerop ameolewa," Lenah alimwambia. "Na wewe huna haya. Toka kwa kibanda yangu." Akamfungia dirisha.

Sifuna alirudi Bungoma akiamini ameshindwa na ng'ombe.

Miaka mitano ikapita. Kimaiyo alikuwa mume mtulivu, na Jerop alimzalia watoto wawili, Chebet akiwa wa kwanza. Mwezi wa nane mwaka 2009 mkanda wa mashine ya posho ulikatika, Kitale haukupatikana wa saizi yake, wakaenda pamoja Bungoma kutafuta mwingine. Kimaiyo aliingia dukani. Jerop alibaki nje, kitambaa kichwani, akisoma bei za sufuria za duka la jirani. Spika ya banda la video ng'ambo ya barabara ilikuwa inapayuka.

"Toka, mwizi wewe! Toka mahari hapa! Hapa ni mahari pa watu waungwana!"

Watu ndani wakacheka. Jerop hakucheka. Alilirudia lile neno kwa sauti ndogo: mahari. Kisha akavuka barabara.

Sifuna alimwona mlangoni, akaacha sinema ijiendeshe. Alikuwa ameanza kuota mvi.

"Jelop."

"Ulilipa mahari ya nani, Sifuna?"

"Mahari gani?"

"Ulimpigia Lenah simu. Ukasema umelipa mahari Bungoma, nisingoje."

"Si ndiyo hii!" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Hii! Si unaiona? Niliripa mahari, nikamwambia usingoje tena Kitale, ukuje..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Jerop aliona usoni mwake alipoyasikia.

"Ma-ha-ri," alisema polepole. Alijaribu tena, ulimi ukirudi palepale ulipozoea. "Ma-ha-ri. Ai, Mungu wangu. Wewe si ulikuwa unajua vile naongea? Ulikuwa unanicheka kila siku!"

"Niliandikiwa kwa karatasi. Karatasi haikuwa na mdomo wako."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa nini hukuja mapema?"

Ndani, wimbo wa filimbi wa Kihindi ulianza.

"Ni ile ya barua?" Jerop aliuliza.

"Ndiyo ile, na kanda ni ile ile. Siku hizi wanauza CD iko na mwisho wake. Sijainunua."

"Usiinunue."

"Mama Chebet!" Kimaiyo alivuka barabara na mkanda mpya begani. "Nimepata. Twende." Akampa Sifuna mkono. "Habari ya kazi, bwana?"

"Salama, mzee," Sifuna alijibu.

"Alikuwa anakodisha kanda Kitale," Jerop alisema. Akatangulia ili asionekane uso.

Sifuna alirudi kwenye kiti chake. Sinema ilikuwa imefika kwenye barua. Msichana aliifungua, herufi zikaning'inia. Wateja wake wa kila siku walijiweka tayari kupiga makofi, maana kwa miaka yote hiyo barua ilisema jambo moja tu.

Sifuna aliweka kipaza sauti mapajani.

"Inasema nini?" mtu aliuliza.

"Tafsiri, bana! Si tumelipa!"

Hakutafsiri. Huko nje, hatua ishirini mbele, Jerop alisimama ghafla, akawa anasikiliza.

"Umesahau kitu?" Kimaiyo aliuliza.

Spika ilikwaruza. Msichana alianza kulia, picha ikaruka, na kwaya ya harusi ikaimba.