Magunia ndani ya Bomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Ndinda aliingia shambani na mama yake kuvuna sukuma wiki. Mama yake, Mbinya, alikata majani kwa kisu, naye Ndinda akayafunga mafungu. Ng'ambo ya ua, mahindi ya majirani yalikuwa yamekauka yakiwa yamefika magotini tu. Shamba lao pekee, pale mteremkoni nyuma ya mji wa Mwingi, lilikuwa kijani. Lilinuka pia. Watu waliziba pua, wakanunua.

Siri ilikuwa chini ya mfuniko wa zege pembeni mwa shamba. Hapo lilipita bomba kuu la majitaka ya mji, pana kiasi cha mtu mzima kutambaa ndani, nalo lilizikwa kabla Mbinya hajaolewa. Mbinya alikuwa amefanya mwethya miaka mingi, ile kazi ya pamoja ya kujenga vizuizi vya mchanga mitoni. Alijua kuyasimamisha maji. Kiangazi kilipomzidi, alishuka shimoni akapanga magunia ya mchanga mdomoni mwa bomba. Maji yakapanda, yakamwagika mferejini, yakaingia kwenye matuta ya sukuma.

"Ukiulizwa maji yametoka wapi?" mama alikuwa akimuuliza.

"Ni maji ya kuoshea vyombo, mwaitu," Ndinda alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Vyombo vya harusi ngapi?" Mama alikuwa akicheka hapo.

Siku hizi hakucheka. Nthiwa, mdogo wake Ndinda, alikuwa akiharisha, akipona, akiharisha tena. Mama alisema ni maembe. Msimu wa maembe ulikuwa umepita zamani.

Ikafika siku ya soko. Ndinda alipeleka mafungu kwenye hoteli ya Rahmo, mama ya rafiki yake Hamdi. Hamdi alikuwa mlangoni, tayari kwenda shule, na alikuwa na habari.

"Kaka yangu Mahad amepata kibarua. Wanakarabati lile bomba kuukuu, limejaa nyufa. Watavuta bomba jipya la plastiki ndani yake, kama mguu unavyoingia kwenye gambuti. Lakini kwanza mtu aingie atoe matope na mizizi. Mtu mwenyewe ni Mahad."

"Haogopi maji?"

"Maji gani? Walahi, fundi Mwau alichungulia jana, akasema ndani panya wanacheza kandanda. Hawaleti hata pampu. Mbona umenuna? Unataka kazi?"

Ndinda aliweka mafungu mezani akaenda zake. Alijua kwa nini bomba lilikuwa kavu.

Darasani hakusikia neno. Alifikiria kichinjio, hoteli na vyoo vya soko, vyote vikimwaga maji kwa wingi siku hiyo. Akifungua mdomo, sukuma itang'olewa, na hiyo sukuma ndiyo unga wao. Asipofungua, Mahad yuko ndani.

Wakati wa chakula cha mchana alitoroka, akakimbia hadi shambani. Mfuniko ulikuwa wazi. Maji meusi yalikuwa yamefika juu, na chini yake magunia yalikuwa yakisogea. Ndinda aliinama. Labda akivuta gunia moja, maji yatapungua na hakuna atakayejua. Kisha akakumbuka maji hayo yangeelekea wapi. Akauondoa mkono wake kama aliyegusa moto.

"Toka hapo," mama alisema nyuma yake.

"Mwaitu, Mahad yuko ndani ya bomba, huko chini."

Mbinya aliangalia magunia. "Wale wana wakubwa wao wa kuwaangalia. Ukisema, tutakula nini?"

Ndinda alikimbia kushuka mteremko.

Fundi Mwau alikuwa ameketi kando ya shimo jingine la bomba, chini ya mteremko, akitafuna muhindi wa kuchoma. "Wewe, rudi shule."

"Bomba si kavu. Limezibwa kule juu. Tumeliziba sisi, na magunia yanaachia."

Mwau aliacha kutafuna. Aliutupa muhindi, akashika kamba aliyofungwa Mahad, akaivuta na wanaume wengine wawili. Mahad alitokeza amejaa matope, akilalamika kwamba hajamaliza. Miguu yake ilikuwa ndiyo kwanza imetoka shimoni ardhi iliponguruma. Maji yalijaa pale alipokuwa amepiga magoti, yakapanda hadi karibu na mdomo wa shimo. Juu yake lilielea gunia tupu. Mahad aliliona, akakaa chini.

Mbinya alikuwa amefika, akihema. Rahmo naye alikuja mbio na Hamdi. Alimpapasa Mahad kichwa, mikono, miguu. Kisha akageuka.

"Mbinya, ile sukuma unayoniletea inanyweshwa maji haya?"

"Ndiyo."

Rahmo alimgeuzia mgongo. Heri angetukana.

"Na mimi nina kosa," Mwau alisema kwa sauti ndogo. "Niliona bomba la mji mzima limekauka, nikafurahia kuokoa gharama ya pampu. Sikujiuliza maji yamekwenda wapi."

Jioni hiyo Nthiwa alipelekwa zahanati. Muuguzi alisema ugonjwa wake unatokana na uchafu, akampa dawa. Mbinya aling'oa sukuma yote kwa mikono yake mwenyewe akaifukia. Mwau alirudi na pampu na mpira wa kuzibia, na baadaye bomba jipya likavutwa ndani ya lile kuukuu. Nyumbani kwa Ndinda walikula ugali kwa chumvi siku nyingi. Hamdi alihama dawati walilokuwa wakikalia pamoja.

Mvua haikuwa imenyesha bado Hamdi alipokuja kusimama uani.

"Mama anauliza kama mna sukuma. Ameuliza pia ni ya maji gani."

"Ya kisima," Ndinda alisema. "Tunabeba kwa mitungi. Ni tuta moja tu."

"Basi nipe kidogo." Hamdi alisita. "Mahad anakusalimu."

Alipoondoka, Mbinya aliweka mtungi chini.

"Kwenye mwethya, kabla ya kuziba mto tulikuwa tukiuliza kwanza nani anaishi chini yake. Mimi sikuuliza. Nilitaka kijani tu, nikamlisha mwanangu ugonjwa na kuwauzia watu. Ndinda, maji machafu hayawi safi kwa kuwa una njaa. Na jambo la hatari ukilinyamazia, linajaa kimya kimya, kisha linamwangukia mtu ambaye hana habari. Siku ile ulinishinda akili."

Ndinda aliinama, akaokota majani yaliyobaki.

"Funga lile fungu," mama alisema. "Utachelewa shule."