Risiva ya Baba

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alipitia karakana ya shangazi yake, fundi redio. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu mikono yake ilifika kwenye kazi kabla masikio hayajamaliza kusikiliza maelezo. Siku hiyo mezani palikuwa na risiva kubwa nyeusi, mashine ya kuendeshea spika za muziki, ya marehemu baba yake, kaka yake shangazi. Tangu afariki ilikuwa kimya, na mama alitamani sana kuisikia tena nyumbani.

"Itapona, shangazi?"

"Yote haitapona. Sehemu ya kuchagua picha na sauti imekufa kabisa. Lakini hii inayosukuma spika ni nzima. Tutairuka ile iliyokufa, tuingize sauti ya simu moja kwa moja huku. Itabaki amplifaya tu ya kukuza sauti, basi."

Aliichomeka, akapima, kisha akachomoa waya ukutani. Akamwonyesha makopo mawili manene yaliyokuwa ndani.

"Hizi kapasita hutunza umeme hata waya ukichomolewa. Unganisha balbu ya majaribio kama nilivyokufundisha. Iwake, ififie, izime, umeme uishe. Ndipo tunagusa."

Mara mteja akapiga hodi, naye shangazi akatoka. Kiherehere aliichukua balbu harakaharaka. Ikamponyoka, ikapasuka sakafuni. Juzi tu alikuwa amevunja kioo cha kipimo, na shangazi alimwambia kwamba akivunja kitu kingine, hataisogelea tena meza ya kazi. Akavisukuma vipande kwa kiatu mpaka chini ya kabati. Waya si umeshachomolewa, alijipa moyo.

"Tayari?" aliuliza shangazi aliporudi.

"Tayari."

"Imezima kabisa?"

"Kabisa, shangazi."

Shangazi aliketi, akavua saa yake na kuinamia risiva. "Baba yako akiwasha hii, alifungua madirisha yote ili mtaa mzima usikie. Majirani walikoma!" Alicheka, halafu machozi yakamlengalenga. Vidole vyake vikaanza kushuka taratibu katikati ya nyaya.

Kiherehere alivitazama vile vidole.

"Usiguse! Shangazi, usiguse! Nimesema uongo!"

Mkono ulisimama hapo hapo. Kiherehere akaeleza yote huku kwikwi zikimkatiza. Shangazi aliinuka. Alitoa balbu nyingine kwenye droo, akaiunganisha mwenyewe. Ikawaka, mwanga ukawapiga usoni wote wawili. Waliitazama ikififia mpaka ikazima, kisha shangazi akavuta kigoda na kuketi.

"Umeme huu ungeniunguza vidole," alisema kwa sauti ya chini. "Au ungeniangusha nisiinuke tena."

Kazi iliendelea polepole, bila mzaha wala hadithi. Shangazi alikata nyaya, akaunganisha nyingine, akapima kila hatua. Mama alipofika jioni, spika zilikuwa tayari zinaimba. Alishika ukingo wa meza, akalia kimyakimya mpaka wimbo ukaisha. Kiherehere naye alilia, lakini alijua machozi yake hayakuwa ya baba peke yake.

Walipokuwa wakifunga karakana, alipiga moyo konde akauliza, "Shangazi, kesho nisije?"

"Njoo, mwanangu."

Shangazi alichuchumaa ili watazamane.

"Balbu nitanunua nyingine. Ukivunja kitu hapa, niambie, hata kama nitakugombeza. Ugomvi wangu utakwisha kabla hujafika nyumbani. Na kile kitisho changu cha juzi nakifuta. Tena kazi ile sikupaswa kumwachia mtoto, wala kutia mkono bila kupima. Hilo ni kosa langu, na sitalirudia. Lakini nataka ujue kwa nini leo sikupima. Angekuwa mtu mwingine, ningepima. Sikupima kwa sababu ulisema wewe."