Karatasi Nne za Madam Ghania

Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Chumba cha nyuma cha wakala wa mizigo, Deira. Sowedi alisukuma maboksi kando, akaketi.

"Kesho Ijumaa ofisi ya madam imefungwa. Wa usafi tu ndio wanaingia. Trinah anachukua, Hesbon yuko zamu getini, mimi niko na gari. Khalas, basi."

"Ngapi?" Hesbon aliuliza.

"Nne. Zile bora kabisa. Mchumba wangu anazijua."

Trinah aliinamisha uso. Alizijua kweli. Madam Ghania alikuwa mthamini wa michoro ya kale ya Japani, milima na mvua na madaraja yaliyochapwa kwa vibao vya mbao, na mikono yake ya kizee ilikuwa inatetemeka. Basi Trinah, aliyeajiriwa kupiga deki na kuchemsha chai, ndiye aliyemshikia kila karatasi. Alifundishwa kutazama kama kingo hazijakatwa, kama nyuma hapajabandikwa kitu, kama buluu haijapauka. Akakabidhiwa hadi ufunguo wa droo. Leo ameketi hapa kumuuza mama wa watu. Aliona aibu, lakini Sowedi alikuwa amemuahidi ndoa.

Ijumaa, saa saba mchana.

Droo. Karatasi nne. Bahasha pana, kisha mfuko wa taka. Getini Hesbon alipekua mifuko ya wafanya usafi wengine wote, wa Trinah akaupokea bila kuufungua, abaki nao hadi jioni. Ilikuwa rahisi mno, na hilo lilimuumiza zaidi.

Saa kumi na moja jioni.

Al Jaddaf, nyuma ya jengo ambalo halijaisha. Mnunuzi alifungua bahasha, akachungulia ndani. Karatasi ziling'aa. Zilikuwa zimefungwa ndani ya plastiki ngumu, kingo zote zimegandishwa kwa moto.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," Hesbon alisema. "Na hii joto, na jasho ya mikono, niliona zitaharibika. Nikazipeleka kwa watu wa fotokopi wakazilaminate. Hata vyeti zangu zote ziko hivyo, boss."

Mnunuzi alimrudishia Trinah bahasha. "Hizi zimekufa, plastiki haitoki tena. Yalla, ondokeni."

Sowedi alifungua mlango wa gari, akaingia peke yake. Trinah akashika kitasa cha nyuma.

"Toa mkono," Sowedi alisema bila kumtazama. "Kwenye kamera za ofisi unaonekana wewe tu. Hesbon, panda."

Hesbon alisitasita. Kisha akapanda.

Jumapili, saa tatu asubuhi.

Polisi wawili walikuwa ofisini. Trinah alisimama mlangoni, akasikia sauti ya madam.

"Msimguse binti yangu. Nitajishuku mwenyewe kabla ya kumshuku Trinah."

Trinah aliingia, akaziweka zile plastiki mezani. Madam Ghania alivaa miwani, akazigeuza moja moja, polepole.

"Ulizichagua mwenyewe?"

"Ndiyo, madam."

"Ulichagua vizuri. Hata mimi ningechagua hizi hizi."

Kama angetukanwa, Trinah angepumua. Polisi mmoja akamshika mkono, naye akamfuata upesi, ili yule mama asiendelee kumtazama.