Mgeni Aliyefunguliwa kwa Simu

Aliyegonga siku ile hakutaja jina. Alisema tu, "Ni mimi, nifungulie, baridi hii itaniua." Larysa Hnatiuk alikuwa kazini, upande wa pili wa mji wa Yorkton, anamsafisha mteja meno. Akavua glavu moja, akabonyeza kwa kidole gumba simu inayofungua mlango wa nyumbani kwake, akasema, "Ingia tu, Gaylene, mama yuko sebuleni." Kamera ya mlangoni ilikuwa imeganda barafu, picha nyeupe tupu. Larysa hakujali. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na saa hizo ndizo za Gaylene, mlezi wa mama yake.

Hajamaliza meno ya juu, Gaylene akapiga simu.

"Shoga, nisamehe. Gari limekataa kuwaka. Leo sifiki."

"Si nimekufungulia sasa hivi?"

"Umemfungulia nani? Mimi niko kwangu, hata viatu sijavaa."

Msimlaumu Larysa haraka. Mama yake, Bi Stefania, alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Baridi ya mwaka uliopita alitoka na gauni la kulalia, akaokotwa kando ya barabara na dereva wa gari la kukwangua theluji, na hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Larysa alikuwa amemwapia, akili za mama zikiwa bado zipo, kwamba hatampeleka nyumba ya wazee hata iweje. Sasa kazi aache wale nini? Ndipo akanunua kitasa cha simu. Akiwa kazini anamfungulia Gaylene, anamfungulia mleta chakula, anafunga tena, na mama yuko salama ndani. Kitasa kile kilimrudishia usingizi. Wazee wa kule husema mgeni hapokelewi kwa mbali, unamfuata mlangoni ukamtazama usoni, kisha ndiyo anavuka kizingiti. Larysa aliyajua hayo tangu utoto. Lakini nani ana nafasi siku hizi?

Alifika nyumbani anahema. Mlango umefungwa vizuri. Mama yuko kwenye kiti chake, anatabasamu. Mezani kuna vikombe viwili vya chai, kimoja kimenywewa, cha pili kimejaa na juu yake kimeshika utando wa barafu, ndani ya nyumba yenye joto. Na harufu, jamani. Harufu ya viazi vilivyoozea chini ya nyumba, imechanganyika na sufu iliyolowa.

"Mama, nani amekuja?"

"Yule dada. Ana njaa, maskini," akasema Bi Stefania. Kisha akamwangalia Larysa kwa adabu, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka miwili. "Samahani dada, hapa ni kwa nani?"

Larysa alikuwa amechoka. Akajibu alivyojibu kila jioni. "Kwangu, mama. Tulia."

"Aa. Basi nisikusumbue. Nitakwenda kwetu kabla giza halijaingia."

Tangu siku hiyo kitasa kikapata bwana mwingine. Larysa mikono yote miwili imo kinywani mwa mtu, simu inalia na kuandika kwamba Larysa amefungua mlango. Akipiga kampuni iliyomuuzia, kijana wa huko anamjibu kwa upole wa kukera, "Mama, kwetu inaonekana ni wewe unayefungua. Badilisha neno la siri." Akabadilisha. Akabadilisha tena. Akatoa betri, na usiku akasikia ulimi wa kitasa ukijizungusha wenyewe, krr, krr, taratibu, kama mtu anayejaribu asiamshe watoto.

"Kitasa cha simu ni cha kila mwenye simu," Gaylene alimwambia. "Kuna mhuni amekuingilia."

"Mhuni gani anagandisha chai?"

Gaylene aliacha kuja wiki hiyohiyo. Alisema kiti kilichomkabili Bi Stefania kilibonyea mbele ya macho yake, kikakaa hivyo, na bibi akawa anakiambia, "Kula, dada, kula."

Halafu ikaja ile alasiri ambayo Larysa hataisahau. Baridi ilikuwa ile ya kupasua mabomba, na simu ikasema mlango umefunguliwa, akaufunga, ukafunguliwa, akaufunga, naye tayari yuko kwenye gari, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye simu, anafunga, unafunguliwa, anafunga, analia huku anasema niachie mama yangu, niachie, chukua nyumba, chukua chochote, na kwenye simu, kwenye ule weupe wa barafu, sauti ya mwanamke inamjibu polepole kwa maneno yake mwenyewe, "Ingia tu. Mama yuko sebuleni." Alimkuta Bi Stefania kwenye mkeka wa mlangoni, mlango wazi, ndala miguuni, midomo ya bluu. Alikuwa hajavuka bado. Alisema ameambiwa gari la kumpeleka kwao limefika.

Jioni hiyo Larysa alimfuata Bi Paraska Dorosh akamleta nyumbani, mmwaga nta anayesoma kwenye nta kinachomsumbua mtu, bibi ambaye nusu ya mji humcheka mchana na kumpigia simu giza likiingia. Bi Paraska aliyeyusha nta, akaimimina kwenye bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa cha Bi Stefania, akinong'ona sala. Nta ilipoganda akaigeuza, akaisogeza kwenye taa.

"Ni nini?" Larysa akanong'ona.

"Watu wawili. Kiti kimoja." Akaifunika kwa kitambaa. "Mwanangu, ulimkaribisha bila kumwona. Atatoka hivyohivyo, bila wewe kumwona. Ng'oa hilo dude mlangoni, weka kitasa cha ufunguo. Kesho jua likizama, fungua, simama kizingitini, uso nje, useme mara tatu: asiye wa nyumba hii, atoke. Atapita karibu yako. Usigeuke. Akishapita, funga."

"Na nikishaondoa kitasa, mama nitamlinda vipi?"

"Kwanza umtoe huyo. Ya kesho yana Mungu."

Kesho yake jua lilizama mapema, kama kawaida ya miezi ile. Larysa alimchua mama yake magoti kwa kafuri, akamfunika blanketi, akambusu, akafungua kitasa kipya cha ufunguo kwa mkono wake. Baridi ikamkata uso. Nyuma yake zikaanza kucha kugonga ukuta kwa ndani, ko, ko, ko, zikisogea, na ile harufu ya viazi vilivyooza ikamjaa kooni. Akapaza sauti. Asiye wa nyumba hii, atoke. Akasema tena. Kiti kikalia. Akasema mara ya tatu, na akasikia nyayo zinakuja, nyepesi, za kuburuta kidogo, kitu kikampita ubavuni taratibu kama mtu anayeomba njia, na harufu aliyoisikia wakati huo ilikuwa ya kafuri, dawa ya kuchua magoti, lakini hofu ilimjaa, hakuwaza. Akafunga. Akazungusha ufunguo.

"Larysa."

Akageuka. Mama yake amekaa wima kwenye kiti, macho maangavu.

"Larysa, kitinda mimba wangu. Njoo nikuone."

Miaka miwili hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa mama. Alianguka magotini akalia kama mtoto, na yule mama akampapasa nywele, akamkumbusha mvua ya mawe iliyonyesha siku aliyozaliwa, akamtajia hata jina la mbwa wao wa zamani. Kila kitu alikumbuka. Larysa akafunga macho akashukuru, kisha akayafungua, na mbele yake kabisa kulikuwa na miguu ya mama yake, mitupu, bila ndala. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vyote vitano.

Mlango ukagongwa. Kwa adabu, polepole kabisa.

"Samahani dada," sauti ikasema nje. "Hapa ni kwa nani? Kuna baridi."

Ufunguo ulimponyoka akaokota, ukamponyoka akaokota. Alipofungua hakukuwa na mtu. Ndala mbili zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya theluji, zinatazama mlango, kama mgeni mstaarabu anavyovua kabla ya kuingia nyumba ya watu. Kutoka hapo nyayo ndogo za miguu mitupu zilielekea barabarani, zikakatika hapo, na za mguu wa kushoto zilikuwa pungufu.

"Funga mlango, mwanangu," yule wa kitini akasema. "Unaingiza baridi."

Hakufunga. Hadi leo haufungwi. Ukipita mtaa ule jioni utamwona Larysa kizingitini na koti lake, nyuma yake mtu ananywa chai, naye anaiita ile theluji mpaka sauti inakauka, "Ni kwako, mama. Hapa ni kwako. Ingia."